Kilichokuwa Kinaua Mashine za Kanja

Nimestaafu. Nina umri wa miaka ishirini na tisa, magoti yangu ni mazima, na wiki iliyopita karakana ilinifanyia sherehe ya kuniaga ambapo nilipewa blanketi, mkongojo na saa ya ukutani isiyotembea. Mkongojo lilikuwa wazo la Mzee Ireri, mwenye karakana, ambaye amenizidi umri zaidi ya mara mbili na hana mpango wowote wa kustaafu. Alisema mtu anayeacha bisibisi kwenda kufundisha katika chuo cha ufundi kule Meru amekwisha kuzeeka, na kwamba mimi hasa nilizaliwa na wasiwasi wa mstaafu. Kisha akaniagiza niwaandikie ninyi wawili, Muriithi na Makena, mnaokuja kukalia kiti changu, yale niliyojifunza katika miaka yangu ya kutengeneza mashine za kukausha hewa za nyumbani. Rasimu ya kwanza ilikuwa na samahani nyingi kuliko habari. Hii ndiyo iliyobaki baada ya kuzifuta.

Mtaulizwa swali moja kila siku, dukani, kanisani na hata kwenye foleni ya benki: mashine hii inadumu miaka mingapi? Jibu la kitabuni ni kwamba yenye kompresa, ile inayofanya kazi kama friji, hudumu miaka mitano hadi kumi ikitunzwa. Zile ndogo zisizo na kompresa, zinazotoshea kwenye kabati la nguo, mshukuruni Mungu zikimaliza miaka miwili. Hayo ni ya kitabuni. Kitabu kiliandikwa na mtu ambaye hajawahi kufika Kanja mwezi wa Julai, wakati ukungu unaposhuka kutoka msituni asubuhi, ukaingia ndani bila kubisha hodi na kukaa mpaka chakula cha mchana.

Siku yangu ya kwanza nilifika karakana ya Embu nikiwa na shahada ya uhandisi wa umeme, shati lililopigwa pasi, na woga wa kugusa chochote. Mzee Ireri aliniwekea mashine mezani akasema niifungue. Nilisimama nikiifikiria. Niliwaza kuhusu skrubu zitakazopotea, kapasita ambayo huenda bado ina umeme, mteja ambaye huenda ni jamaa ya mbunge. Mzee alikwenda hotelini, akanywa chai, akarudi, akanikuta nimeshika bisibisi vilevile.

“Kanana,” akaniambia, “wewe ni Mmeru kweli? Mmeru asiye na hasira ni kama mashine isiyo na gesi. Inanguruma tu, haitoi kitu.”

Nilicheka ili nionekane mtu wa utani, kisha nikalifikiria neno hilo kwa mwaka mzima.

Mashine yenyewe si muujiza. Feni inavuta hewa yenye unyevu, inaipitisha kwenye chujio, hewa inagusa mabomba ya baridi, unyevu unageuka matone na kudondoka kwenye ndoo iliyo chini. Hewa inatoka upande wa pili ikiwa kavu na yenye joto kidogo. Ni hayo tu. Nilisoma miaka mitano kuweza kulisema hilo kwa maneno marefu zaidi.

Vifaa vyangu mtavikuta kwenye droo ya kushoto. Kuna mswaki wa kusafishia mabomba. Ni wa mashine, Muriithi, nakuonya mapema. Kuna kipima unyevu ambacho sijawahi kukiamini na ambacho hakijawahi kukosea, jambo linalonitia wasiwasi zaidi. Kuna tochi. Kifaa bora kuliko vyote ni sikio la Mzee Ireri, na hilo anaondoka nalo kila jioni. Yeye huegemeza kichwa kwenye mashine kama mtu anayesikiliza tumbo la ng'ombe mwenye mimba, chai ikiwa mkononi, halafu hutoa hukumu. Hukumu zake zote huanza na maneno yaleyale: mashine haifi, inauawa. Kazi ya fundi ni kujua nani kaua, kwa upole, kwa kuwa muuaji ndiye mwenye kukulipa.

Wauaji wa kwanza niliokutana nao walikuwa watu wazuri sana. Mtumishi mmoja wa serikali kutoka Siakago alileta mashine iliyoungua akiwa amekasirika kweli. Ilikuwa imenguruma mchana na usiku bila kutoa hata kikombe cha maji. Niliipekua yote, nikatilia shaka gesi, nikatilia shaka feni, nikatilia shaka shahada yangu. Mzee akamuuliza tu aliinunua kwa sababu gani. Yule bwana akaeleza kwamba shemeji yake wa kule Meru, karibu na msitu, humwaga ndoo nzima ya maji kila asubuhi, na yeye mwenyewe ana mbuzi wa kunyweshwa. Alikuwa amepeleka mashine Siakago ichote maji hewani, mahali ambapo hata mawingu hupita kwa haraka ili yasiombwe kitu. Alizungusha kitufe chake mpaka mwisho ili ifanye kazi bila kupumzika, kwenye chumba cha mabati, juani. Mzee alimsikiliza kwa heshima zote. Alipoondoka akaniambia hata wachimba visima wa huko huomba kwanza.

Mwalimu mmoja wa Karurumo tulimwagiza asafishe chujio kila baada ya wiki mbili, kwa maana vumbi likiziba chujio, feni inavuta hewa kwa shida, mabomba yanaganda barafu, na kompresa inafanya kazi ya punda mpaka ichoke. Alitutii kuliko tulivyotarajia. Aliosha chujio, halafu kwa bidii ya ualimu akaosha na mashine nzima, ndani na nje, kwa sabuni na mpira wa kumwagilia sukuma wiki. Iliposhindwa kuwaka alishangaa kwamba mashine ya kukausha imeshindwa kujikausha. Bado najiuliza kama hakuwa na hoja.

Wengine waliua kwa njia za kawaida. Waliisafirisha ikiwa imelazwa juu ya magunia na kuiwasha papo hapo, mafuta ya kompresa yakiwa bado hayajarudi mahali pake. Waliiacha kwenye plagi umeme ulipopotea na kurudi kwa kishindo. Waliiwasha huku madirisha yote yako wazi, wakitaka hewa safi na hewa kavu kwa wakati mmoja, na hivyo kuipa mashine ya chumba kimoja jukumu la kukausha Mlima Kenya. Kwa hao nilikuwa na majibu. Yaliyonishinda ni ya Cucu Weveti, yaani Bibi Weveti, wa Kanja, na kwa kweli ndiyo sababu ya kuandika haya yote. Mengine mngejifunza wenyewe kwa kuchapwa na umeme kidogo.

Cucu Weveti alikuwa mjane aliyeishi juu kabisa, karibu na pale mashamba ya chai yanapokutana na msitu. Mwanawe wa pekee, Njagi, anafanya kazi ng'ambo, na alikuwa amemjengea nyumba ya mawe yenye vigae, roshani, na madirisha makubwa ambayo huonekana kutoka barabarani, na nadhani hiyo ndiyo kazi yake kuu. Hatua chache mteremkoni ilikuwepo nyumba ya mbao ambayo Cucu na marehemu mumewe waliishi tangu walipooana, na jiko la kuni pembeni. Cucu alikuwa na kifua. Kila Njagi alipopiga simu ya video alimwona mama yake akihema na kukohoa. Basi akaamua mambo mawili: nyumba ya mawe ikaushwe kwa mashine, na nyumba ya mbao, ambayo aliamini inamvuta mama yake kwenye moshi, ibomolewe yeye atakapokuja Krismasi. Alichosubiri ni mashine tu. Ikikaa sawasawa, mama hana kisingizio, mbao zinageuzwa kuni.

Sisi ndio tuliouza mashine hiyo. Ilikufa kabla ya kufikisha mwaka. Tukampa nyingine. Hiyo nayo ikafa mapema zaidi. Njagi alipiga simu karakana akaongea na Mzee Ireri kwa adabu ya kutisha. Alisema ng'ambo mashine kama hiyo inamaliza miaka minane, kwa hiyo ama hewa ya Kanja ina meno, au fundi wa Embu anauza mizoga. Mashine ya tatu alituma mwenyewe kutoka huko, kubwa, iliyotumika kidogo, na akataka fundi aende kuifunga na kumpa jibu la mwisho. Mzee alinitazama. Nikamwambia huenda ingefaa aende mtu mwenye uzoefu. Akasema uzoefu unapatikana Kanja.

Njia nzima nilijiandaa kwa maneno. Nilipofika nikayasahau, kwa sababu ya kitambaa.

Mnajua nyumba zetu. Hakuna kitu chenye thamani kinachoachwa uchi. Kochi lina kitambaa, televisheni ina kitambaa, redio, friji, mtungi wa gesi, hata birika la chai lina kofia. Cucu Weveti alikuwa fundi wa kufuma kwa sindano, mwalimu wa akina mama wa kanisa lake. Mashine ya pili iliyokufa ilikuwa imesimama sebuleni ndani ya joho jeupe lililofumwa maua ya waridi, limeibana kutoka juu hadi chini, na tundu dogo lililopimwa vizuri kwa ajili ya waya. Lilikuwa limefunika pale hewa inapoingia na pale inapotokea. Sijawahi kuona mtu akinyongwa kwa mapenzi kiasi kile.

Nilihisi ushindi, na papo hapo nikahisi aibu ya kuuhisi. Nilikaa nikinywa chai aliyoniletea, nikitafuta namna ya kumwambia mwanamke wa umri wake kwamba kazi ya mikono yake ndiyo muuaji. Nilianza na historia ya friji. Nikapitia kanuni za mzunguko wa hewa. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

“Unataka kusema niitoe nguo,” akasema.

“Ndiyo, Cucu.”

“Ungesema hivyo chai ikiwa moto.”

Akaivua. Akaikunja vizuri, akasema yeye hakulelewa kuacha mgeni bila nguo, ila kama huyu mgeni wa ng'ambo anapenda kukaa uchi sebuleni mbele ya picha ya marehemu, ni shauri lake. Niliifunga mashine ya tatu, nikaisimamisha mbali na ukuta ili ipumue, nikamwonyesha chujio na ndoo, nikarudi Embu nikiwa bingwa. Mzee aliegemeza sikio kwenye simulizi yangu yote kisha akasema, “Haya.” Mzee akisema haya kwa sauti ile, mjue hajashawishika.

Hazikupita wiki nyingi, Njagi akapiga tena. Mama bado anahema. Mashine inatoa mlio wa kugonga. Alikuwa amekwisha kukata tiketi ya Desemba na kuongea na mtu wa kubomoa, na sasa alitaka nisimame mbele ya simu, nyumbani kwa mama yake, nimweleze ana kwa ana.

Sikulala vizuri. Niliwaza kwamba nilikosea kuchagua plagi. Niliwaza kwamba labda hewa ya Kanja ina meno kweli. Nilipofika, siku ambayo Njagi alipanga kupiga, nilikuwa mapema sana, kwa kuwa mtu mwenye wasiwasi hachelewi kamwe. Hiyo ndiyo faida pekee ya ugonjwa wetu. Cucu aliniacha sebuleni, akasema anaenda kuangalia maharagwe jikoni. Nikawa peke yangu na mgonjwa.

Mashine ilikuwa imezimwa na plagi imechomolewa. Joho lilikuwa limerudi, lakini safari hii lilikuwa limefumwa matundu mawili makubwa, moja mbele, moja nyuma, yenye pindo la kupendeza. Cucu alikuwa ameifumia madirisha. Hewa ingepita bila shida. Nilivuta chujio: safi kama kilivyotoka kiwandani. Nilivuta ndoo: kavu, ina buibui. Sasa hilo lilikuwa geni. Kipima unyevu kilisema chumba kimelowa kama taulo, ukuta wa nyuma ya kochi ulikuwa na ukungu mweusi, na ndoo ya mashine inayodaiwa kufanya kazi kila siku ina buibui aliyejijengea kwa utulivu.

Mtu wa kawaida angeuliza. Mimi nilianza kuzunguka nyumba nikifikiri. Jikoni, sufuria zilikuwa na karatasi za dukani bado zimebandikwa. Kwenye chumba cha kulala, godoro lilikuwa ndani ya plastiki yake. Bafu lilikuwa na sabuni ambayo haijawahi kukutana na maji. Kupitia dirisha kubwa la roshani niliona nyasi za mteremko, na katikati yake njia moja iliyokanyagwa mpaka udongo ukang'aa, kutoka mlango wa nyumba ya mbao mpaka mlango nilioingilia. Chini kule moshi ulikuwa ukitoka. Maharagwe yalikuwa yanaiva mahali ambapo yameiva siku zote.

Hakuna aliyekuwa akiishi katika nyumba ile. Ndiyo sababu ilikuwa imelowa: nyumba iliyofungwa milango na madirisha kando ya msitu, isiyo na mtu, isiyo na moto, isiyo na mlango unaofunguliwa na kufungwa, hujinywea unyevu wake yenyewe na kuota ukungu. Lakini mashine ilikuwa inakufa kwa nini, ikiwa haifanyi kazi?

Simu ikanijibu. Niliisikia ikilia kule mteremkoni, kisha ikanyamaza bila kupokelewa, kisha ikalia tena. Cucu Weveti alitokea kwenye ile njia, leso imefungwa kiunoni, simu mkononi inalia, anapanda mbio. Namaanisha mbio. Aliingia mlangoni, akanipita kama sipo, akachomeka plagi, akabonyeza kitufe, mashine ikanguruma, akajitupa kwenye kochi, akapangusa jasho, na ndipo akapokea.

“Mwanangu,” akasema, akihema, na kikohozi kikamshika.

Njagi akauliza kama mashine iko sawa. Cucu akaigeuzia simu. Iko sawa, inanguruma, uone. Njagi akasema ngoja atoke kwenye chumba chenye kelele, atapiga tena. Akakata. Cucu akainuka, akachomoa plagi ili umeme usiliwe bure, akanitazama kana kwamba ndiyo kwanza anakumbuka nipo. Kabla sijafungua mdomo simu ikalia. Akachomeka tena. Mashine ikagonga, ikatetemeka, ikakoroma.

Makena, Muriithi, sikieni mlio huo mara moja mtaujua maisha yenu yote. Kompresa ikizimwa, gesi ndani bado ina nguvu upande mmoja. Inahitaji dakika kadhaa itulie. Ukiiwasha kabla, ni kama kumwamsha mtu na kumpa gunia la mahindi begani akiwa bado kitandani. Mashine za kisasa zaidi zinakataa zenyewe, lakini hii haikuwa ya kisasa, na hata hivyo haikuwa inazimwa kwa kitufe bali kwa kung'olewa plagi. Mwana alipiga kwa mapenzi, akakata, akapiga tena kuhakikisha. Mama akawasha kwa mapenzi, akazima, akawasha tena. Mashine mbili walizimaliza hivyo, na ya tatu ilikuwa njiani. Nami nilikuwa nimelaumu kitambaa.

Njagi aliniona kwenye kioo akaniomba nishike simu. Cucu alinishika kwanza mkono. Akaniambia kwa sauti ya chini nimwambie mashine ni mbovu, kwa sababu yoyote ile, basi. Nilimuuliza kwa nini hakuwahi kumwambia mwanawe kwamba nyumba haimkai.

“Mtoto akikununulia kiatu kinachobana,” akasema, “husemi kinabana. Unatembea polepole.”

“Lakini wewe hutembei polepole, Cucu. Unakimbia.”

Akaninyoshea simu.

Sasa fikirini nilivyofikiri mimi, kwa maana nilifikiri mengi kwa muda mfupi ambao simu ilikuwa inapita kutoka mkono wake kuja wangu. Nikisema mashine ni mbovu, Njagi atatuma ya nne, kubwa zaidi, na Desemba mbao zitaanguka. Nikisema ni nzima, mama hana kisingizio, na mbao zitaanguka. Nikisema ukweli nitakuwa nimemchongea bibi kizee ndani ya nyumba ambayo nimekunywa chai yake. Nilitamani umeme upotee. Umeme wa Kanja, ambao hupotea mtu akipiga chafya, siku hiyo ulisimama imara kama askari.

“Fundi,” akasema Njagi. Alikuwa mtu mwenye uso wa uchovu, koti zito, nyuma yake ukuta mweupe. “Nataka jibu moja tu. Mashine hii inadumu miaka mingapi?”

Nikaanza na historia ya friji. Nilijisikia nikianza, na sikuweza kujizuia. Cucu akakohoa pembeni, na uso wa Njagi ukabadilika, akaacha kunisikiliza akajaribu kutazama nyuma yangu, kana kwamba angeweza kuchungulia. Nadhani hapo ndipo nilipoacha kufikiri. Mzee Ireri anasema ilikuwa mara yangu ya kwanza.

“Mama hakohoi kwa sababu ya unyevu,” nikasema. “Anakohoa kwa sababu amekimbia kupanda mlima aje kukuonyesha mashine.”

Kule ng'ambo Njagi akausogeza uso karibu na simu. Hapa kwetu mashine ilikuwa ikigonga.

“Amekimbia kutoka wapi?” Njagi akauliza.

Nilimtazama Cucu. Alivuta leso yake ikakaa vizuri, akaja akasimama kando yangu ili mwanawe amwone, akasema yeye mwenyewe.

“Kutoka nyumbani.”

Njagi alimtazama mama yake. Nilimwona akielewa, jambo ambalo si zuri kulitazama kwenye kioo kidogo. Nikachomoa plagi, maana sikuona sababu ya mtu wa tatu kuumia, nikawaachia simu, nikatoka nje kuangalia shamba la chai la jirani. Walizungumza Kiembu kwa muda mrefu. Safari hii hakuna aliyekata na kupiga tena.

Aliyoniambia Cucu baadaye ni haya. Njagi aliuliza kwa nini sasa, baada ya miaka yote ile ya kujenga, kila jiwe likiwa limetoka kwenye zamu zake za usiku. Naye alimjibu kwamba nyumba ni nzuri, ameiombea, atalala humo siku atakapokuwa na mtu wa kulala naye upande wa pili wa ukuta. Peke yake humo husikia vigae. Kule chini husikia ng'ombe.

Krismasi Njagi alikuja. Mtu wa kubomoa aliitwa kweli, lakini alipewa kazi ya kutoboa: alitengeneza dohani la jiko ili moshi utoke nje, akaweka sakafu ya saruji na dirisha moja la maana kwenye nyumba ya mbao. Kifua cha Cucu hakikupona kabisa; miaka ya moshi haifutwi na bomba la bati. Ila sasa simu ikilia anaipokea akiwa ameketi, na Njagi amekuwa akishangaa jinsi mama yake anavyoongea sentensi ndefu. Njagi mwenyewe alilala nyumba ya mawe wiki zote za likizo, mashine ya tatu ikifanya kazi usiku kucha bila kung'olewa plagi, ndoo ikijaa, buibui akihama kwa hasira. Ukungu ukutani ukaisha. Kumbe mashine haikuwa na tatizo lolote isipokuwa familia.

Alipita karakana akiwa njiani kurudi ng'ambo. Tulidhani amekuja kugomba. Alimletea Mzee Ireri soksi, akaniuliza tena swali lake, akitabasamu kidogo, kwa sababu nilikuwa sijawahi kumjibu.

Ninyi nanyi mtaulizwa. Msifungue kitabu, na kwa ajili ya Mungu msianze na historia ya friji. Semeni miaka mitano hadi kumi, chujio kikisafishwa, madirisha yakifungwa, plagi ikiachwa itulie. Halafu, kabla mteja hajatoa pesa, mwulizeni kwa upole nani analala kwenye chumba hicho. Akianza kuwaeleza kuhusu vigae, vuteni kiti.

Nilipokwenda kumuaga Cucu Weveti juzi, mashine ilikuwa imezimwa ikimsubiri Njagi wa Desemba, imevaa joho jipya la bluu. Aliniuliza nastaafu vipi nami sijapata hata mvi. Nikamwambia ni hadithi ndefu. Akasema basi nisiianze, na akanipa kitambaa alichofuma cha kufunikia mkongojo.